Hongera Mama Buna wa Addis Ababa

Anayesafiri peke yake Addis Ababa hakosi mwenyeji. Mitaa mingi ina mwanamke aliyeketi nyuma ya jiko la mkaa, nyasi mbichi zimetandazwa miguuni pake, ubani unafuka kando. Ukishakaa kwenye kigoda, umefika kwa watu.

Nilikaa bila kujua Kiamhari. Mama akakaanga buni, akanisogezea kikaango nivute harufu, kisha akazitwanga na kuzichemsha ndani ya jebena, birika la udongo mweusi lenye shingo nyembamba. Akamimina kutoka juu, uzi mmoja, bila kumwaga hata tone. Jirani akanisukumia bisi.

Kahawa ya Waethiopia huitwa buna, nayo hunywewa awamu tatu: abol, tona, na ya mwisho baraka. Baraka, neno letu kabisa! Nilipolirudia kwa Kiswahili, vigoda vyote vya jirani vilinigeukia. Hata saa wao huzihesabu kama sisi, kuanzia mapambazuko. Kijana mmoja akanitafsiria: mama anasema urudi kesho saa mbili.

Nawapongeza wanawake hawa kwa moyo wote. Kesho yake nilirudi. Kikombe changu kilikuwa kimeshasuuzwa.