Shujaa wa Kicherokee Kwenye Kompyuta

Hongera kwa wachongaji wa kidijitali, hasa wale wanaomchonga shujaa wa Kicherokee bila kumvika taji refu la manyoya. Taji lile ni la Walakota na majirani zao wa nyanda za kati za Marekani. Wacherokee walikuwa watu wa milima ya kusini-mashariki.

Fundi makini huanza na ushahidi. Henry Timberlake, afisa kutoka Virginia aliyekaa kwa Wacherokee majira ya baridi ya 1761 hadi 1762, alieleza vichwa vilivyonyolewa vikaachwa shungi kisogoni, michoro ya baruti iliyochanjwa mwilini, na masikio yaliyopasuliwa, yakavutwa na kuzungushiwa waya.

Kwenye programu za kuchonga kama ZBrush au Blender, tufe tupu huvutwa kwa kalamu mpaka litoe fuvu, taya na mabega. Ukigusa shavu la kulia, la kushoto hufuata. Baadaye ulinganifu huo huzimwa, maana hakuna uso ulio sawasawa pande zote. Kisha mtindo: mabega hutanuliwa, mikunjo midogo hufutwa, ibaki mistari michache yenye nguvu. Kutia chumvi namna hii kunadai ujuzi mkubwa kuliko kunakili. Sikio lile lililopasuliwa likikuzwa kidogo, mizunguko ya waya ikaonekana mmoja mmoja, mtu anatambulika ni wa wapi.

Na yule anayewaonyesha kazi Wacherokee wenyewe, wenye mataifa matatu yanayotambuliwa na serikali kuu huko Oklahoma na North Carolina, akakubali kurekebishwa, nampongeza kwa moyo wote.