Orodha Hakiki ya Upasuaji na Mipaka ya Nadharia ya Uzoeleshaji

Nadharia ya Mchakato wa Uzoeleshaji, iliyofafanuliwa na Carl May na Tracy Finch mwaka 2009, hujaribu kueleza kwa nini baadhi ya afua za afya huwa sehemu ya kazi za kila siku ilhali nyingine hufifia mradi unapokwisha. Kwa mujibu wake, watendaji hufanya kazi za aina nne: kuielewa afua, kujifunga nayo, kuitekeleza kwa pamoja na kuitathmini wao wenyewe.

Ubora wa nadharia hii unadhihirika katika orodha hakiki ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo ya mwaka 2009 kutoka hospitali nane, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, yalionesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwaka 2014, utafiti wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, haukuona upungufu wa vifo wenye uzito wa kitakwimu. Sehemu ya tofauti hiyo huenda inatokana na mbinu za utafiti. Hata hivyo, anayehesabu alama za vema tu hawezi kujua kama wahudumu walisimama kweli na kusikilizana, au karatasi ilijazwa baadaye. Nadharia humlazimisha kuuliza hilo.

Udhaifu wake umo katika mamlaka. Nadharia huweka uhusiano wa watendaji hasa chini ya utekelezaji wa pamoja, kana kwamba cheo hakiingii kwingineko. Chumbani mwa upasuaji cheo huingia kila mahali. Muuguzi anaweza kuielewa orodha na kuiamini, lakini akanyamaza mbele ya daktari aliyekwisha kushika kisu. Na ukimya huo nao huwekewa alama ya vema. Aidha, orodha hutaka kipima oksijeni kiwe kimefungwa na kinafanya kazi. Pasipo na kifaa hicho, kujifunga kwa wahudumu hakuzibi pengo.

Tena, mtendaji anayefikiriwa kwanza katika kazi zote nne ni mhudumu. Mgonjwa, anayetakiwa kuthibitisha jina lake na mahali atakapopasuliwa kabla ya dawa ya usingizi, anafanya kazi ya usalama pia, na ndiye pekee asiyeweza kuulizwa tena kisu kinapoanza.