Mtekaji Sampuli Hodari Utamjua kwa Daftari Lake

Manika, kama sehemu kubwa ya mji wa Kolwezi nchini Kongo, imekalia shaba na kobalti. Maji ya chini hupita katika miamba ileile ambayo kampuni ya Union Minière, kisha Gécamines, iliichimba miaka nenda rudi. Kwa hiyo kobalti ikionekana kwenye chupa, bado hujajua kitu. Huenda imevuja kutoka bwawa la mabaki ya kiwanda, huenda ni ya mwamba wenyewe tangu enzi, au imetoka kwenye tope alilolivuruga mtekaji. Ustadi wote wa kuteka maji katika visima vya uchunguzi ni kuifuta hiyo sababu ya tatu.

Mtazame fundi kabla hajawasha pampu. Aliye hodari hufungua kifuniko, akateremsha utepe na kupima kina cha maji kuanzia alama iliyochorwa ukingoni mwa bomba. Visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, vikipimwa hivyo na kulinganishwa na kimo cha kila bomba, vitakuonyesha maji yanaelekea wapi. Bila hilo, hakuna awezaye kusema kisima kipi kiko juu ya bwawa na kipi kiko chini yake. Kisha huanza na kile kinachodhaniwa kuwa safi, akimalizia kile kichafu. Akifanya kinyume, mpira wake utahamisha uchafu.

Maji yaliyolala ndani ya bomba yamekwisha kubadilika kwa kukutana na hewa. Mazoea ya zamani ni kuyatoa mara tatu ya ujazo wake: bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita, basi mita 15 za maji ni lita 90 za kumwaga. Wengi bado hufanya hivyo, tena kwa kindoo cha mrija kinachotumbukizwa na kuvutwa juu, tumbukiza, vuta. Hapo ndipo kazi huharibika. Udongo mwekundu wa mkoa huu wa Lualaba hushika metali. Chembe zake zikiingia kwenye chupa yenye asidi, huziachia, na maabara itaripoti kwa uaminifu kabisa jambo la uongo.

Mimi humpa alama za juu anayevuta polepole, kwa njia iliyoelezwa mwaka 1996 na Puls na Barcelona kwa shirika la mazingira la Marekani: mililita 100 hadi 500 kwa dakika, pampu ikiwa kwenye sehemu ya bomba yenye matundu, na kina cha maji kisishuke zaidi ya sentimita 10 ikiwezekana. Hajazi chupa mpaka vipimo vitatu mfululizo, vyenye dakika chache kati yake, vikubaliane: pH ndani ya 0.1, upitishaji umeme ndani ya asilimia 3, na tope limetulia. Omba daftari uzione tarakimu hizo. Za kweli huchezacheza kidogo kabla ya kutulia. Safu zilizofanana tangu mwanzo hadi mwisho ziliandikwa jioni, kitini.

Kwa metali zilizoyeyuka, maji hupitishwa kwenye chujio la mikrometa 0.45 kwanza, ndipo asidi ya nitriki huongezwa hadi pH ishuke chini ya 2. Aliyetanguliza asidi arudie kazi. Lakini dai pia chupa isiyochujwa: mama anayeteka maji ya kisima kwa bidoni hana chujio hilo.

Halafu uliza chupa tupu iko wapi, ile ya maji safi ya maabara inayopitishwa kwenye vifaa vilevile papo hapo uwanjani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na KU Leuven walichapisha utafiti wao wa mtaa wa Kasulo, humuhumu Kolwezi, wakaonyesha kuwa vumbi lenyewe lina kobalti nyingi. Chupa ikifunguliwa lori la madini likipita, hewa huingiza yake. Hiyo chupa tupu ndiyo itakayokuambia.

Mwisho, msikilize akisoma matokeo. Mwongozo wa WHO wa maji ya kunywa unataja miligramu 2 kwa lita kwa shaba na mikrogramu 30 kwa urani. Kwa kobalti haujaweka kiwango. Atakayekuambia kobalti “imepita kiwango cha WHO”, mwombe akuonyeshe ukurasa.