Kasoro za Istilahi "Uhalisia Pepe" katika Mafunzo ya Upasuaji

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa siku hizi katika mafunzo ya upasuaji imo "uhalisia pepe". Kwayo hukusudiwa mazingira yaundwayo na kompyuta, ambamo mwanafunzi aliyevaa miwani maalumu, au ashikaye vyombo vilivyounganishwa na mtambo, huuona mwili na kuupasua pasipo kuwapo mgonjwa. Twaona kwamba istilahi hiyo ina kasoro mbili.

Kwanza, "uhalisia" ni neno la wahakiki wa fasihi tangu zamani, nalo hutaja mkondo wa uandishi unaochora maisha yalivyo. Kulitwika maana ya pili ni kuwachanganya wanafunzi bure.

Pili, na hili ndilo zito, ni neno "pepe". Wakulima wa mpunga wa bonde la Ruvuma walilijua kabla ya kompyuta: pepe ni punje isiyo na kiini, ipeperukayo ungo unapopepetwa. Mama wa Msimbati akiambiwa hospitalini Mtwara kwamba daktari atakayempasua amejifunza kwa uhalisia pepe, ataelewa kuwa amejifunza kwa makapi. Akikataa kutia sahihi, hatuwezi kumlaumu.

Na kweli ni kinyume chake. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa madaktari 16 waliokuwa wakijifunza kutoa mfuko wa nyongo. Wale wasiofunzwa kwa mtambo walielekea mara 5 zaidi kuujeruhi mfuko huo au kuunguza nyama isiyohusika. Mazoezi hayo, basi, yana kiini.

Watetezi watasema kwamba "baruapepe" imekwisha kuzoeleka. Ni kweli, lakini mwenye kupeleka barua haikabidhi tumbo lake.

Kadhalika "uhalisia ulioboreshwa" haufai. Kinachoongezwa ni picha, kwa mfano ya mishipa, inayotandazwa juu ya mwili ili mpasuaji ajue ilipo. Mwili wenyewe haukuboreshwa. Wala "taswira pandikizi" haitafaa, kwani kupandikiza, kwa wapasuaji, ni kutia figo ya mtu katika mwili wa mwingine.

Twapendekeza "mazingira mwigo" kwa lile la kwanza, na "taswira tandazwa" kwa la pili. Kuiga si kudanganya. Ndivyo watoto wa pwani wanavyojifunza kupiga kasia.

Tangu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ilipozinduliwa Mtwara mwaka 2023, tiba za kibingwa zimewasogelea wananchi, na istilahi zake pia. Hivyo haitoshi istilahi ya tiba kueleweka na mtaalamu peke yake. Hatuna budi kuipima kwa sikio la yule alalaye juu ya meza ya upasuaji. Wafasiri na walimu na wazifanyie majaribio istilahi hizi kabla hazijasanifiwa.