Pongezi kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu

Shule za sekondari za kata zilipofumuka Tanzania katikati ya miaka ya 2000, vijana waliomaliza kidato cha sita walipigwa msasa wiki chache tu, wakakabidhiwa chaki. Mtaani wakabatizwa "voda fasta". Kosa halikuwa lao; ualimu hauivi kwa wiki chache.

Ndiyo maana nawavulia kofia wakufunzi wa Butimba, Korogwe, Marangu na kwingineko. Kazi yao haina utepe wa kukata, kwa hiyo wakubwa hawaizindui. Wakati wa mafunzo kwa vitendo, mkufunzi hukaa dawati la nyuma, andalio la somo mkononi, akihesabu wanafunzi wa pembeni ambao hawakuulizwa hata swali moja. Kipindi kikiisha, anamrudisha mwanachuo ubaoni: mwandiko, sauti, hata pa kusimama. Kesho yake wanarudia.