Mashine za Gemu za Kijapani: Kutambua Iliyo Bora Kabla ya Kuisafirisha hadi Kyimo

Mashine ya gemu ya kusimama inayotoka Japani ni kabati lenye kioo, jostiki, batani, spika, sanduku la sarafu na bodi ya mchezo, lililoundwa lifanye kazi kutwa nzima mikononi mwa watu wasiolionea huruma. Ndiyo maana hudumu. Kabati la Astro City, lililotolewa na Sega mwaka 1993, lina uzito wa kilo mia hivi, na mengi ya rika lake yanawaka mpaka leo. Tangu Taito ilipoingiza Space Invaders sokoni mwaka 1978, kumbi za michezo zilienea katika miji yote ya Japani; sasa zinapungua, na mwaka 2020 Sega yenyewe iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya kumbi kwa kampuni ya Genda. Ukumbi ukifungwa, makabati huishia kwenye maghala ya mitumba, na Mtanzania aliyeko huko kwa masomo, mafunzo au biashara ya magari anaweza kuyafikia.

Anayetaka kabati kama hilo lifike Kyimo, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, ana swali moja la kujiuliza mbele ya kila mashine: ikiharibika, fundi wa TV wa Tukuyu ataweza kuitengeneza kwa vifaa alivyo navyo? Hicho ndicho kipimo cha ubora kinachofuatwa hapa. Rangi inayong'aa na umaarufu wa mchezo huja nyuma sana. Safari ni ndefu mno kwa mzigo kurudishwa, na nauli ya meli, ushuru na lori kwa pamoja huweza kuizidi bei ya kununulia.

Kwa kipimo hicho, kabati lenye manufaa kuliko yote ni lile linalopokea bodi ya mchezo wowote. Katikati ya miaka ya 1980 chama cha watengenezaji wa Japani, JAMMA, kiliweka mpangilio mmoja wa nyaya: plagi ndefu ya pini 56, 28 kila upande wa bodi, inayobeba umeme, picha, sauti na amri za mchezaji. Astro City na Blast City za Sega, pamoja na Egret II ya Taito, ni za ukoo huo. Mchezo ukichosha, bodi huchomolewa na nyingine kuchomekwa, na kabati hubaki lilelile.

Makabati ya mchezo mmoja tu ni mazuri kutazama: kiti na usukani wa gari, jukwaa la kuchezea dansi, ngoma kubwa za Taiko no Tatsujin ya Namco. Ubaya wake ni kwamba kila kifaa ndani yake kilitengenezwa kwa ajili ya mchezo huo peke yake, na ngoma moja ikipasuka Kyimo hakuna ya kuchukua nafasi yake. Kundi la tatu, yaani mashine za karibuni zinazotegemea seva za kampuni kama e-amusement ya Konami au ALL.Net ya Sega, halifai kununuliwa hata likitolewa bure. Nje ya mtandao huo, nyingi hukataa kuanza mchezo au hukosa sehemu zake kubwa.

Umbo hukaguliwa kuanzia chini. Makabati mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 yana kitako cha chuma na kichwa cha plastiki ngumu. Plastiki iliyogeuka njano kwa jua haina madhara. Iliyopata ufa kwenye maungio ya boliti itapasuka zaidi barabarani. Kutu ya juu juu husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi, lakini kutu iliyotoboa bati kuzunguka magurudumu ni sababu ya kuliacha. Mashine za zamani zaidi, na za mezani, hutumia chipbodi, nayo haifai Rungwe, wilaya iliyo na Kyimo. Eneo hili ni miongoni mwa yale yenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Chipbodi iliyokwisha kuvimba pembe moja huko Japani itakuwa unga baada ya masika mawili. Funguo nazo huulizwa mapema. Kabati lisilo na ufunguo wa mlango wa mbele litalazimu kutobolewa kufuli, na kidole kikipita juu ya kufuli hilo hutambua kama kazi hiyo imewahi kufanywa.

Kioo ndicho kinachostahili muda mrefu kuliko vyote. Makabati ya miaka ya 1990 yana kioo cha chogo, kwa kawaida cha inchi 29, na vioo vya namna hiyo havitengenezwi tena. Muuzaji huombwa asiiwashe mashine tangu usiku, ili iwashwe ingali baridi mbele ya mnunuzi. Kioo kizima hutoa picha iliyokolea ndani ya muda mfupi. Picha inayoanza kwa giza na kupata nguvu baada ya dakika kumi ni ya kioo kilichochoka, na uchovu huo hautibiki. Mashine ikizimwa, kioo hutazamwa kwa pembeni chini ya mwanga wa tochi. Maandishi ya mchezo uliokaa humo kwa miaka, hasa alama za wachezaji upande wa juu na maneno ya kudai sarafu upande wa chini, huwa yamekiunguza. Kivuli hafifu kinavumilika. Kinachosomeka hata mchezo ukiendelea hushusha bei kwa nusu, au humwondoa mnunuzi.

Ndani ya mlango wa sarafu kuna swichi ya majaribio inayochora mistari ya mraba kioo kizima. Hapo kasoro hujitenga zenyewe. Mistari myeupe inayogawanyika kuwa nyekundu na bluu pembeni hurekebishwa kwa mkono. Picha inayotetemeka, kunywea au kupinda kwa kawaida ni kapasita zilizokauka, kazi ambayo fundi yeyote aliyezoea TV za chogo huimaliza siku moja kwa gharama ndogo. Kasoro za aina hii zisimfukuze mnunuzi, bali zitumike kupunguza bei.

Jambo moja huwashtua wengi. Kioo kilichokuwa safi Tokyo kinaweza kutoa madoa ya kijani na zambarau kikiwashwa Kyimo, na mwenye mali akadhani kimeumia njiani. Ndani ya kioo cha chogo miale ya elektroni husukumwa kidogo na usumaku wa dunia. Japani usumaku huo unaelekea ardhini, ilhali Rungwe, nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, unaelekea juu. Watengenezaji wa TV walikuwa wakitoa vioo vya kaskazini na vya kusini kwa mipangilio tofauti. Dawa ni kusogeza pete za sumaku zilizo shingoni mwa kioo hadi rangi zitulie. Kazi hiyo ni ya fundi, si ya mwenye ukumbi: ndani ya kioo kuna volti zaidi ya 20,000, na hubaki humo hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kabati jipya zaidi lenye kioo bapa, kama Vewlix ya Taito ya inchi 32, halina shida hizi na ni jepesi kutengeneza, ila michezo ya zamani huonekana ndani yake ikiwa na kingo za ngazi ngazi. Anayetaka michezo ya ngumi ya miaka ya 1990 kama ilivyochorwa atabaki na chogo. Kabla ya kulipa ahakikishe kioo na bodi vinapatana: michezo mingi ya miaka hiyo hutoa picha ya kilohezi 15, ya baadaye 31. Blast City hupokea zote mbili. Astro City ya awali haipokei 31.

Jostiki na batani hupimwa kwa mkono na sikio. Zilizo bora kwa muda mrefu ni za Sanwa na Seimitsu, na majina hayo huonekana meza ya kuchezea ikifunuliwa. Jostiki husukumwa hadi mwisho, kisha ikaachiwa ghafla: irudi katikati, itikisike kidogo, itulie. Halafu huzungushwa polepole sikio likiwa karibu. Swichi nne zilizo chini yake zitoe mlio mkavu unaofanana pande zote. Upande uliokaa kimya una swichi iliyokufa, na mlio mzito wenye kukwama ni soda au kahawa iliyomwagika miaka iliyopita na kugandia ndani. Unga mweusi chini ya mhimili unaonyesha plastiki inayolika. Batani, za kipenyo cha milimita 30, ziitikie kidole kikigusa tu na zirudi bila kusuasua. Haya yote ni mambo ya kupunguzia bei, kwa sababu jostiki mpya na batani kumi na mbili huenea kwenye begi. Kosa ni kuondoka Japani bila kubeba swichi za akiba.

Bodi ya mchezo hutolewa ikakaguliwa uchi. Betri ndiyo adui mkubwa. Bodi za Neo Geo MVS za SNK, zilizoanza mwaka 1990, zina betri ya kuchajika ambayo ikizeeka huvuja na kula njia za shaba. Ukungu wa kijani kuizunguka ni dalili ya kutosha. Bodi za CPS-2 za Capcom, zilizoanza mwaka 1993, zina betri inayotunza ufunguo wa kusomea mchezo. Ikiisha, mchezo hufa ingawa hakuna kilichoungua, na kuufufua kunataka mtaalamu mwenye vifaa maalumu. Muuzaji mwaminifu hutaja tarehe ya mwisho ya kubadilisha betri bila kuulizwa mara mbili.

Umeme ndio uliowaulia wengi mashine siku ya kwanza. Japani hutumia volti 100, Tanzania 230. Kibao cha nyuma ya kabati huandika volti na ampea: palipoandikwa volti 100 na ampea 2, jibu la kuzidisha ni VA 200, na transfoma inayotakiwa isipungue VA 300, kwa kuwa kioo cha chogo huvuta umeme mwingi kwa sekunde ya kwanza. Ichaguliwe transfoma yenye koili mbili zilizotengana. Ile ya koili moja ni nafuu, lakini ikikatika mahali pabaya huzipitisha volti zote 230 ndani ya kabati. Kwa umeme wa vijijini unaopanda na kushuka, stebilaiza hutangulia mbele ya transfoma. Waya wa ethi, ambao Japani mara nyingi huachwa ukining'inia, lazima ufungwe, maana watoto watashika chuma hicho kwa mikono iliyolowa mvua.

Kisha kuna mizunguko ya umeme. Mashariki mwa Japani, Tokyo ikiwemo, umeme ni wa hezi 50 kama wa Tanzania. Magharibi, Osaka ikiwemo, ni wa 60. Bodi na kioo havijali. Taa ndefu ya kichwani ndiyo huathirika: choki yake ikiwa imeandikwa 60 tu, huchemka kwenye 50, na heri kuweka taa ya LED mapema.

Sanduku la sarafu limepimwa kwa sarafu ya yeni 100, yenye kipenyo cha milimita 22.6 na uzito wa gramu 4.8, na sarafu nyingine huzitema. Suluhisho rahisi ni tokeni za kipimo hichohicho, zinazouzwa dirishani. Mashine za Kijapani za kubahatisha, yaani pachinko na pachislo, zisiguswe kabisa. Kifaa kinachomlipa mchezaji kwa bahati kiko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na huhitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Kwa safari, bodi hutolewa na kubebwa mkononi pamoja na funguo. Kabati husimama wima juu ya paleti, kioo kikiwa kimekingwa kwa sponji na ubao, na mbao za paleti ziwe na muhuri wa IPPC wa mbao zilizotiwa joto, la sivyo zinaweza kuzuiwa bandarini. Wakala wa forodha huulizwa Dar es Salaam kabla mzigo haujapakiwa, apige hesabu ya ushuru wa TRA pamoja na VAT ya asilimia 18. Kutoka bandarini hadi Uyole ni zaidi ya kilomita 800, kisha mlima hadi Isongole na mteremko wa Kiwira. Canter yenye turubai zima ni bora kuliko lori kubwa ambamo kabati litabanwa na mifuko ya saruji. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya kupanga.

Nailoni iliyofungwa kwenye joto la Dar es Salaam hubeba unyevu, nao huganda kuwa matone hewa ikipoa Kyimo. Kwa hiyo kabati hufunuliwa, milango yake yote hufunguliwa, na likaachwa siku mbili kabla ya kuguswa na umeme. Huwekwa mbali kidogo na ukuta, juu ya vipande vya mpira, pasipovuja bati. Matundu ya nyuma huzibwa kwa wavu wa mbu ili mende na mijusi wasipate makazi yenye joto. Wakati wa mvua huwashwa walau saa moja kila siku hata pasipo wateja, joto likaushe bodi. Fundi wa kusawazisha rangi huitwa mwisho, kabati likiwa mahali pake pa kudumu, kwa sababu kuligeuza tu kutoka kutazama mlangoni likatazama dirishani kunatosha kuyarudisha madoa.