Mwenyeji wa Mkutano ni Nani? Tahakiki ya Istilahi za Mikutano ya Mtandaoni

Katika msimu wa korosho wa 2024/2025, minada ya vyama vya ushirika iliingia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Wakulima wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wakawa wanakusanyika mnadani na kutazama kwenye skrini bei za wanunuzi walio mbali. Kutoka hapo hadi kikao cha wanachama kwa njia ya mtandao si safari ndefu, na programu za kazi hiyo zisizodai ada ya leseni zipo, kama vile Jitsi Meet na BigBlueButton. Linalosumbua ni istilahi.

Tuanze na "mwenyeji", neno ambalo wafasiri wengi humpa yule anayefungua mkutano. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mkazi wa Nachingwea akisoma kwenye simu yake "Subiri mwenyeji", atakuwa na haki ya kuuliza: mwenyeji yupi, ilhali sisi sote ni wenyeji na mgeni ni hiyo programu? Mfasiri amechukua cheo cha mwenye karamu akakiingiza kikaoni. Kikao hakina mwenye karamu. Kina mwenyekiti, naye hufungwa na akidi na ajenda. Tena jambo hili si la mapambo, kwani katika programu hizi mwenye mamlaka hayo aweza kumtoa mtu mkutanoni kwa kubonyeza mara moja. Huyo aitwe "mwendeshaji", hata akiwa ni kijana tu aliyeshika simu, na "mwenyekiti" abaki yule aliyechaguliwa.

Kosa la jamii hiyohiyo ni "nyamazisha". Hebu fikiri mkulima wa Ruangwa anauliza juu ya makato ya malipo yake, mara maandishi yanatokea: "Umenyamazishwa." Ugomvi hautakosa. "Kipaza sauti chako kimezimwa" ni refu, lakini linataja chombo badala ya mtu.

"Mkutano pepe" nao umeigwa kutoka "barua pepe", ambayo imekwisha kukubalika nasi hatuigusi. Lakini kwa mkulima wa mpunga pepe ni punje isiyo na kitu ndani, na sidhani kwamba tunataka kumwita katika mkutano wa aina hiyo. "Mkutano mubashara" haufai kabisa: wanaokaa chini ya mwembe mmoja wako mubashara kuliko wote. "Mkutano wa mtandaoni" watosha.

Lililo gumu zaidi ni "programu huria". Istilahi hii ina heshima yake. Ilienea pamoja na kazi za mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo, katika wilaya hizi za korosho neno "huria" lilikwisha kuwa na mwenyewe. Lilikuja na soko huria la miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walipoingia vijijini. Msikilizaji aweza kudhani programu hiyo ni ya walanguzi, au kwamba haina mwenye kuiwajibikia. Linganisha na "stakabadhi ghalani": maneno mawili tu, na mkulima anayajua yote mawili kabla hajaelezwa mfumo wenyewe.

Napendekeza "programu ya msimbo wazi". Nakiri kwamba "msimbo" nalo ni geni kijijini, ila neno geni huulizwa maana, ambapo neno lililozoeleka hupita na maana yake ya zamani bila kuulizwa. Na mwaliko unapokwenda kwa wanachama, mfasiri aache istilahi zote mbili, aandike: programu ambayo yeyote aruhusiwa kuona ilivyotengenezwa, kuirekebisha na kumpa mwenzake.